Mvumo, Walukuba

Wanaiita pikapu, ingawa haibebi matofali.
Sumaku sita, na waya mwembamba kuliko unywele
uliozungushwa maelfu ya mara katika kiwanda nisichokijua.
Inabeba kila kinachopita.
Inabeba taa ya tyubu ya Mama Nabirye,
friji ya soda dukani kwa Tenywa,
simu mfukoni mwangu kabla haijaita,
na usiku mmoja, naapa, ilimbeba mhubiri wa redio
akikemea pepo katikati ya solo yangu.

Sijagusa uzi hata mmoja
gitaa limekwisha kusema: mmmmmm,
kama mtu aliyeombwa mkopo.

Na mimi nina pedali tatu sakafuni.
Ya kwanza husikia mvumo na kuutia pilipili.
Ya pili huupandisha juu ya meza.
Ya tatu, ya mwangwi, huurudia
kama shangazi aliyesikia jambo msibani.
Isabirye akaweka besi chini:
"Leo umekuja na gitaa au na mzinga?"

Nikalaumu kebo. Nikanunua kebo.
Nikalaumu spika, nikalaumu shirika la umeme,
nikamlaumu Tenywa na friji yake.
Kikulacho ki nguoni mwako,
lakini nani hujipekua wa kwanza?

Fundi Athieno, nyuma ya soko,
alilifungua gitaa kama anavyofungua samaki.
Akalitandika tumboni karatasi ya shaba,
akalehemu waya wa ardhini uliokuwa unaning'inia,
moshi ukampanda puani, hakukohoa.
Kisha akazitazama pedali, zote zikinyonya waya mmoja.
"Watoto watatu, sahani moja," akasema,
"na wewe unashangaa kelele?"

Nikawapa kila mmoja sahani yake.
Mvumo ukapungua. Haukuisha.

Nikanunua pedali ya nne, ya kuzima kelele.
Ilizima, kweli. Ikazima na mikia ya noti,
ile pumzi ya mwisho uzi unapotaka kulala.
Nilikuwa napiga muziki uliokatwa kucha hadi kwenye nyama.
Nikaiuza Iganga kwa hasara.

"Sasa simama," akasema Athieno. "Geuka. Polepole."
Nikageuka na gitaa kifuani
kama msafiri anayetafuta kibla.
Kuelekea mlangoni, mvumo ukanenepa.
Kuelekea kabati la vyombo, ukakonda, ukakonda,
ukabaki uzi wa buibui.
"Hapo. Piga ukiwa hapo."
"Nitawapa watu mgongo!"
"Basi wape mgongo.
Nje ya mlango huo kuna tranfoma, nyuma yake nguzo,
nyuma ya nguzo zote kuna bwawa.
Mto unasukuma mapanga,
umeme unageuka huku na huku mara hamsini kwa sekunde.
Gitaa lako lina masikio. Kosa lake nini?"

Sikumwambia kuhusu baba.
Miaka ishirini na miwili chini ya bwawa lile,
akirudi nyumbani na mashine masikioni.
Alipostaafu, ukimya ulimwamsha saa tisa za usiku.
Alikaa kitandani akiunguruma kooni, taratibu,
mpaka usingizi ukamtambua.

Jumamosi umeme ulikatika.
Tukapigia betri, pedali moja tu,
spika ndogo ya Isabirye juu ya ndoo.
Noti ya kwanza ilitoka peke yake
ikazunguka chumba, ikarudi peke yake.
"Safi," Isabirye akasema gizani. "Safi kabisa."

Nami, kati ya wimbo na wimbo,
nikakuta kiganja changu kimelala juu ya nyuzi,
kama kinavyofanya siku zote kuutuliza mvumo,
mwili wangu ukiwa ndio waya wake wa ardhini.

Kinabembeleza. Hakuna anayelia.
Sikukiondoa.