Nyota Moja

Nimelala katika hoteli mia mbili na kumi
bila kutoka kwenye godoro langu, Maweni, hapa Malindi,
ambapo feni imekatika bawa na choo ni cha watu tisa.
Nimesifu mashuka ya Watamu, mabwawa ya Diani,
mikono laini ya daktari wa meno wa Kilifi.
Jumatatu mimi ni Giorgia wa Verona, nimekuja na mume wangu.
Jumanne ni mstaafu wa Eldoret mwenye kisukari.
Kiitaliano nilichookota ufukweni nikiuza vikuku
sasa kinanilisha: tutto bello, torneremo.
Tutarudi. Mtu ambaye hajafika anaahidi kurudi.

Anayenituma simjui sura. Jina kwenye simu ni Twalib,
picha yake ni gari.
Sifa ni shilingi thelathini. Kashfa ni hamsini,
kwa kuwa, anasema, ubaya huaminiwa upesi.
Tena hunionya: usisifu mno. Nyota tano zikijaa
mteja hunusa. Tia kasoro ndogo, tia mbu mmoja.
Basi nikawa bingwa wa mbu mmoja.

Mama Umazi hana kibao. Mlangoni pake
pana pazia la leso iliyofifia, na harufu.
Mtalii fulani alimtia kwenye ramani ya simu mwaka juzi;
mwenyewe hana habari.
"Kizuri chajiuza," husema akipakua mbaazi,
"kibaya chajitembeza."
Nami hutafuna mahamri yake ya mkopo, kimya,
maana nikiulizwa kibaya hutembea kwa miguu ya nani
itabidi niifiche yangu chini ya benchi.

Machi, kona ya pili, pakafunguliwa mkahawa mkubwa:
taa za bluu, ukuta wa maua ya plastiki wa kupigia picha.
Msichana maarufu akaletwa kutoka Mombasa ale mbele ya kamera.
Kijiko kilifika mdomoni mara nane
na mara nane kikarudi na wali wote.
Wiki hiyo hiyo Twalib akanitumia orodha.
Majina matano, nyota moja moja.
La tatu lilikuwa lake.

Hapa ndipo shairi lingependa nikatae.
Lakini kodi ilikuwa imechelewa siku kumi na mbili,
na hamsini ni hamsini.
Niliandika haraka, kama anayemeza kidonge kichungu:
Nimekuta unywele ndani ya mbaazi. Sirudi tena.

Nilikuwa nimeshatuma nilipokumbuka
kwamba Mama Umazi hana unywele hata mmoja.
Zilipukutika tangu Desemba, kwa dawa za hospitali.
Mtaa mzima tulimchangia nauli ya Mombasa.
Mimi nilitoa mia.

Asubuhi benchi lilikuwa na nafasi.
Mchana lilikuwa na nafasi zaidi.
Siku ya nne akanipa simu ya mjukuu wake:
"Wewe msomi. Naambiwa watu huandika humo. Nisomee."
Nikaishika. Nikasoma kwa sauti yasiyoandikwa:
kwamba mbaazi zake hukolea tui mpaka mtu hulamba kidole,
kwamba hamri lake ukilipasua hutoa pumzi ya iliki,
kwamba hukopesha bila daftari na hasahau deni
wala halitaji mbele za watu.
Sikutia mbu.
Ilikuwa sifa yangu ya kwanza ya kweli, na haikulipwa.

Akacheka. "Mwongo wewe," akasema,
akaniongeza hamri.

Sidi, darasa la nne, alikuwa nyuma yangu,
amesimama kwa ncha za vidole.
Shuleni wanafundishwa kufuata mstari kwa kidole.
Akaufuata.
"Bibi, hapa si hivyo. Hapa wameandika
u-nywe-le."

Mama Umazi hakuniangalia.
Aliinua mkono wenye unga
akapapasa kilemba chake, polepole, pande zote,
kama mtu anayetafuta kitu
anachojua hakipo.