Tone Moja kwa Usiku

Nimelala chali kwenye changarawe ya Rustavi,
koti limelowa mgongoni,
na juu yangu linaning'inia tumbo la Pajero
lililopakwa rangi nyeusi jana, au juzi.
Najua kwa harufu. Tena najua kwa ufunguo:
nagonga fremu, ti, ti, ti, halafu pu.
Kwenye pu ndipo penye habari.

"Lamara, inuka, utashikwa na baridi," anaita Zauri,
binamu yangu, mjuzi wa kila chenye silinda sita.
Yeye ameshapenda. Amependa tairi pana,
amependa taa nne juu ya paa, kama za mtu anayewinda mwezi,
na muuzaji anamsaidia kupenda.
Gari hili, asema, lilikuwa la daktari wa meno,
tope halilijui.
Mimi huku chini nafikicha kwa ukucha
tope jekundu lililokaukia kwenye shafti.
Nauliza: daktari huyo aling'oa meno ya nani, ya mlima?

Nina lari elfu tisa. Zimo ndani ya soksi,
soksi imo ndani ya buti, na buti linanibana.
Sitafuti gari la kuvuka mto kifua mbele
wala la kupigia picha juu ya jabali.
Nataka la kubeba mizinga kumi na miwili
toka bondeni hadi malisho ya juu, maua yakifunguka Juni,
kilomita kumi na tisa: kumi na tatu ni barabara,
tano ni mawe, na moja,
ile moja baada ya kanisa lililobomoka,
ni mazungumzo kati ya udongo na Mungu.
Nyuki hawapendi kurushwarushwa.
Ukiwafikisha na hasira, msimu mzima wanakudai.

Safu ya pili. Delika ina zulia jipya;
nainua zulia, nanusa: mafuriko.
Subaru yenye sura ya mkwe mpole
haina gia nzito, na ile kilomita moja haibembelezeki.
Toyota niliyoitamani kweli, kwa bei yake
ningeuza nyuki wote, nikabaki na gari la kubebea nini?
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
lakini hapa vyote vimeoshwa, vyote vimesimama.

Mwisho wa safu, jirani na choo,
Niva ya kijani ya mwaka tisini na nane, mlango mmoja mweupe.
Mwenyewe, kijana Badri, anatafuna mbegu za alizeti.
Hakunyanyuka.
"Inavuja," akasema kabla sijauliza.
"Giaboksi ndogo, tone moja kwa usiku. Hita imekufa.
Gia ya tatu inataka adabu.
Kutu iko hapo, hapo, na pale. Sakafu nimechomelea mwenyewe."

Nikalala chali tena.
Ti, ti, ti. Ti.
Kichomeleo kibaya kama mshono wa fundi mlevi, lakini kinene.
Kutu ilikuwa hapo, hapo, na pale.
Mficha uchi hazai; huyu hakuficha hata soksi.

Nikavuta kile kirungu kifupi, gia nzito ikaingia
kwa mguno wa mtu anayetua gunia.
Tukapanda rundo la kifusi nyuma ya ukuta,
polepole, mguu wangu mbali na mafuta,
na glasi ya chai ya Badri juu ya dashibodi
ikatikisika, ikafikiria, haikumwagika.
Zauri kiti cha nyuma, magoti masikioni,
kimya kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Elfu saba na mia nne. Nikavua buti
na Badri, kwa heshima, akatazama kando.
Zilizobaki ni za tairi, na breki,
na hita, kama Oktoba itanikuta huko juu.

Zauri anasema nimenunua bati. Huenda.
Usiku nikatega sahani chini ya giaboksi.
Asubuhi nikahesabu: matone mawili.
Nikampigia Badri simu.
Akanyamaza kidogo, nikasikia mbegu ikipasuka.
"Moja," akasema, "ni kwa usiku wa kiangazi.
Usiku wa Februari ni mrefu."