Kizibo cha Soda

Nkwimba anapima urea kwa kizibo cha soda.
Kizibo kimoja, shimo moja, vidole vinne kutoka shinani,
kisha udongo juu yake upesi, kama mtu anayeficha deni.
"Jua likiiona," anasema, "inapaa bila nauli."

Alikuja Kilimarondo nyuma ya ng'ombe wa mumewe.
Ng'ombe wameisha. Kizibo kimebaki.

Mimi mwenyeji, Mmwera wa ufuta na mihogo,
shamba la pamba sijawahi kuliona.
Ananisimulia tukipalilia:
kwao Maswa, kwenye mbuga nyeusi,
mche ukiota haudai kitu, umekuja na akiba yake.
Wiki ya sita kinachungulia kitumba, kidogo, cha pembe tatu.
"Hapo ndipo anaomba. Hapo mpe."
Ua linafunguka jeupe asubuhi,
kesho yake limeona haya, limekuwa la waridi,
keshokutwa liko chini.

"Ukimpa baada ya hapo,
mti unasahau kuzeeka.
Julai bado kijani, majani mapana kama sinia,
na tunda limefumba mdomo.
Baba alichelewa mwaka mmoja.
Tulivuna kuni."

Udongo wa kwao hushika: unaweka Januari, Machi unakikuta.
Wa kwetu kichanga, hauna siri.
Msimu wake wa kwanza aliupa ufuta kizibo kizima;
usiku ikaja ile mvua ya Februari isiyobisha hodi,
na kulipokucha mbolea ilikuwa njiani kwenda Mbwemkuru
kunenepesha matete.
Alikaa tutani akacheka.
Mimi ningelia.

Sasa anagawa: nusu kizibo ufuta ukifika gotini,
nusu ukianza kutoa ua.
Mstari mmoja ameunyima kabisa, makusudi,
"ili nipate wa kumuuliza."

Kwenye pindo la kanga yake kuna fundo.
Nilidhani hela.
Ni mbegu za pamba, kumi na moja, na manyoya yake.
Alimwonyesha bwana shamba Chilumba.
Akamwambia: kusini huku hapana, mama, hata mche mmoja,
kuna funza mwekundu, ni marufuku tangu enzi za babu zetu.
Nkwimba akafunga fundo. Hakubisha.

Mei tumekata ufuta, tumeusimamisha ukauke.
Uliopewa mara mbili umenipita kimo.
Ule wa njaa ulikomaa mapema, mfupi, vifuko vya kuhesabu.
Akanipukutishia mbegu za huku na za huku kiganjani:
"Onja, niambie tofauti."
Nikatafuna, nikatafuna.
Ulimi haujui mbolea.

Jana alifungua fundo kutafuta hela ya chumvi.
Nilihesabu bila kutaka: kumi.

Nyuma ya jiko lake kuna sufuria lililotoboka,
limejaa udongo mweusi alioutoa sijui wapi,
na juu yake, kimefunikwa kifudifudi, kizibo.

Nilisalimia, nikapita.