Reki ya Kushoto

Baada ya isha ndipo chuma hushikika hapa Mabela.
Mchana spana huunguza hata ikilala kivulini.
Basi tunangoja. Muadhini akimaliza
Muhanna huwasha taa ya waya, nami hujifunga kanga kiunoni
juu ya suruali ya kazi.

Gari hii ilizaliwa na usukani kulia.
Mama aliiendesha Chake Chake, kisha akaiacha kwa mjomba.
Miaka arobaini na saba kuku walitagia kiti cha nyuma.
Imeshuka Sohar ndani ya kontena,
Morisi ya kijivu, na yai moja bovu chini ya zulia.

“Hamisheni usukani,” kasema mama.
“Macho yangu yameshaniaga. Utaendesha wewe,
na wewe udereva umejifunza huku.
Kulia nimekulia, na kulia nimeshalia.”

Reki ni kile chuma kirefu chenye meno
kinachopeleka amri ya mkono kwenye matairi.
Hulala nyuma ya injini, ukutani, mahali pa kulaani.
Muhanna, aliyesoma uhandisi mwaka mmoja na kuuhesabu miwili,
akasema: “Ya nini kununua? Tuipindue hii hii,
tumbo juu, mgongo chini, shingo itahamia kushoto.”

Ikahamia.
Tukafunga. Tukashusha injini kwa mnyororo,
inchi kwa inchi, fundi Dadullah kaishika kiuno
kama bibi harusi anayeteremka ngazi.
Mpira wa kushoto ukapata bolti yake. Wa kulia ukagoma.
Nikaukanyaga kwa kisigino. Ukakubali.

Tukaisukuma hadi uani. Nikakata kulia.
Matairi yakaenda kushoto.
Nikakata kushoto. Yakaenda kulia,
kwa adabu kabisa, bila kelele.

Dadullah alikaa kwenye saruji akacheka
mpaka kofia ikamdondoka.
Mimi nilikuwa na miaka tisa tena, darasani, wiki ya kwanza:
mwalimu kasema yamin, nami nikageuka shimal,
na wasichana thelathini wakawa Dadullah.

Dirishani mama akasema, “Kuvunja koleo…”
akafunga pazia, akatuachia tumalizie wenyewe.

Injini ikatoka tena.

Reki ya kushoto ilipatikana Sharjah,
kwa muuza vyuma chakavu aliyeipima kwa kilo kama nguru.
Muhanna kaja nayo mapajani. Mpakani askari kauliza
ni silaha gani hii. Kajibu: “Ya bibi yangu.”
Wakamweka saa mbili.

Safari hii reki kwanza. Injini mwisho.
Tukahesabu mizunguko, huku na huku, mpaka ikalingana,
tukatia alama ya rangi ya kucha.
Kati ya mhimili wa usukani na bomba la moshi
pakabaki upana wa kidole.
Cha Dadullah hakikupita. Changu kilipita,
na nati ya mwisho niliikaza bila kuiona,
shavu juu ya kabureta, jasho machoni,
nikiihisi ikiuma uzi, ikiuma, ikiuma, imeuma.

Ijumaa alfajiri iliwaka mara ya nne.
Mama akatoka na mkoba wake, manukato, viatu vya kutokea,
akaenda moja kwa moja, kwa mazoea, mlango wa kulia.
Akafungua. Akakaa.
Mbele yake hapana kitu: bati la duara, ribiti nne,
pale usukani ulipokuwa.
Alilipitisha kidole gumba mara moja,
kama mtu anayejaribu vumbi.

“Twende,” akasema.

Tukapita maduka yaliyofungwa, tukapita msikiti mpya.
Kwenye raundabauti lori la maji likaingia bila kuuliza,
nami nikachelewa.
Mguu wake wa kulia ukakanyaga zulia tupu,
kwa nguvu, kwa wakati wake.

Wangu ukafuata.