Beseni na Bahasha

Miaka ishirini na tisa mie tarishi.
Siku za kazi nipo Vuga, wizarani;
Jumapili nipo Mbweni, kanisani,
mshika funguo, mkwangua nta ya mishumaa.
Mawaziri kumi na mmoja wamenipitia.
Makasisi wanne.
Nawajua kwa viatu.

Mheshimiwa Shaali Mwinyikombo alikuja na vyeusi
vilivyolia kama panya kwenye ngazi;
tukivisikia tunazima redio, tunaficha mabakuli ya urojo.
Padri Kolumba Farajallah yeye ni makubadhi,
la kushoto limelika kisigino.

Wote wawili huitwa watumishi:
mmoja wa umma, mmoja wa Mungu.
Mie naitwa, "Mabruki, njoo."

Bi Zuwena wa masjala, mjuzi wa Kiarabu,
aliniambia siku moja huku akigonga mihuri:
"Wizri ni mzigo. Waziri ni mchukuzi,
hamali kama wale wa bandarini,
ila mzigo wake hauonekani."
Nikamwambia, mbona unaonekana,
nimeubeba mie! Mafaili ya Baraza, dawa ya presha,
na kuku wa mkwewe, hai, kapuni,
akinipiga mabawa mapajani hadi Kikwajuni.

Bibi yangu, ambaye mamake aliletwa Mbweni
kovu la mnyororo halijakauka,
alikuwa na lake:
"Mtumwa na mtumishi mama yao mmoja, kutumwa.
Tizama nani anaweza kukataa."

Alhamisi Kuu Padri alivua joho,
akajifunga taulo, akapiga magoti mbele ya watu kumi na wawili.
Kufika kwangu akakawia.
Akanisugua khasa, si kwa kuonekana.
Akaninong'oneza, "Nyufa hizi zinauma?"
Ngazi zote zile, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Ila misa ilipokwisha walitoka, yeye mbele,
beseni likabaki.
Maji ya miguu ishirini na minne
niliyamwaga mie, shinani mwa mlangilangi.
Silalamiki. Beseni lazima mtu alikoshe.

Usiku ule redio ikasema:
uteuzi wa Shaali umetenguliwa.
Sentensi moja, kisha bei ya karafuu.

Ijumaa Kuu, ofisi zimefungwa, simu ikalia.
Ni yeye mwenyewe, mara ya kwanza:
"Mabruki, ufunguo unao?"
Alikuja na teksi, kavaa ndara.
Ngazi hazikusema kitu.

Alitia kwenye boksi la mafuta ya kupikia
picha ya wanawe, msala, chaja, miwani.
Mtoto wa meza ulipofika mwisho ikatoka bahasha,
gundi yake haijaguswa.
Niliileta mie, miezi tisa nyuma;
sahihi yake imo kwenye daftari langu.
"Hii n'ifanyeje?"
"Ifungue."

Aliisoma kasimama. Ilikuwa fupi.
Watu wa kijiji kimoja huko kusini
waliomba pampu ya kisima,
na mwisho wakamwombea umri.

Aliketi. Si kwenye kiti chake,
kwenye kile cha wageni, kinachoyumba.
Sikujua niseme nini, nikapangusa dirisha.

Aliponyanyuka nikanyoosha mikono kwa boksi.
Mikono yangu haijui likizo.
"Wacha," akasema. "Angalau hili."
Akashuka nalo, kidevu juu yake,
akipapasa kila ngazi kwa mguu
kama mtu aliyebebeshwa kichanga cha mwenziwe.

Bahasha aliiacha katikati ya meza, wazi.

Jumanne kaja mpya. Viatu vya kahawia, havilii.
Neno lake la kwanza:
"Wewe, niondolee makaratasi ya mwenzangu."
Nikaondoa.

Sasa barua imo ndani ya beseni, kabatini Mbweni,
kabati ambalo Padri halifungui mpaka mwakani.
Jumapili hii nitalifungua mie,
nimwekee mbele yake, beseni na kilichomo.
Si naye ni mtumishi?
Haya. Tuone atatumwa nani.