Saba Kati ya Kumi na Mawili

Barua imekuja na muhuri wa bluu:
wametambua saba.
Matano yamepigwa mstari kwa rula,
mstari ulionyooka kuliko wowote
tuliowahi kuuchora kwa Mwalimu Nakunda,
kule chuo cha wananchi, ng'ambo ya reli,
ambako ubao ulikuwa na ufa toka juu hadi chini
naye hakuwahi kuuombea fundi.
"Mungu ametuchorea leja," alisema.
Debiti kushoto mwa ufa, krediti kulia.
Miaka miwili tuliishi pande mbili za ufa ule,
na kila mwisho wa mwezi pande zote zililingana,
la sivyo hatukwenda kula.

Ushonaji wa Awali: haukutambuliwa. Sawa.
Ufugaji Nyuki: haukutambuliwa. Nilijua.
Stadi za Maisha. Kilimo cha Bustani.
Kisha mstari wa tano, juu ya Utunzaji wa Vitabu,
somo nililopata themanini na tisa,
nikaingia ofisini kwao bila kubisha hodi.

Dada wa usajili hakuwa mbaya.
Alinivutia kiti. Alinong'ona
kama anayempa mtu habari za msiba:
"Mtaala wenu haulingani na wetu."
Nikamuuliza, mia mbili ukitoa hamsini
kwenu hubaki ngapi?
Akacheka. Nikacheka. Mstari haukufutika.

Mama ana meza ya mitumba pale Memorial.
Nilimkuta amepasua robota jipya,
anachambua: hii gredi ya kwanza,
hii ya kufutia baiskeli.
Nikamsomea barua nzima, hata tarehe na kumbukumbu namba.
Aliendelea kukung'uta shati lisilo vifungo.
"Saba wamenunua," alisema.
"Matano wamekurudishia.
Basi hayo vaa mwenyewe."

Jioni hiyo aliiomba zamu ya Mama Elinuru kwenye kikoba,
zamu ya Desemba, ile ya bati la jikoni.
Chuo cha wananchi tulikilipa vipandevipande,
muhula mmoja kwa madebe mawili ya maharage,
mpishi ndiye aliyesaini stakabadhi.
Huku kuna namba ya malipo, tarakimu kumi na mbili,
na wakala wa Pasua akizisoma kwa sauti
mpaka foleni nzima ikajua
binti wa mama mitumba anahamia kwa wenye lifti.
Laki tisa na themanini.
Ndani yake imo bei ya kufundishwa tena ninachokijua.

Mlima siku ya kwanza haukujitokeza. Sikuutafuta.

Wenzangu wamemaliza kidato cha sita juzi.
"Umetoka chuo gani?"
Nikakitaja.
"Si ndiko wanakoshona sare?"
Ndiko. Na nyuki pia, nikasema,
wakasogea kidogo, kana kwamba ninao mfukoni.

Utangulizi wa Uhasibu, saa mbili kamili.
Mhadhiri ana kipaza sauti, na picha ukutani
zinateleza moja baada ya nyingine.
Nilikuwa nimenuia kukunja mikono:
nimelipia, lakini siandiki.
Picha ya nne ilipofika umeme ukakatika.
Ukuta ukabaki ukuta.
Mhadhiri akasema tusubiri jenereta,
akasubiri kweli, akitazama simu.

Mkono wangu, msaliti, ulikuwa umeshafunga hesabu.
Kijana wa kushoto kwangu, Ombeni,
viatu vyake havijawahi kuona tope la Pasua,
alichungulia daftari,
akachungulia tena.
"Hii umeipataje?"

Nilitaka kumweleza maharage,
na rula, na bati ambalo halijapanda jikoni kwetu.
Sikujua pa kuanzia.
Nikafunua ukurasa mpya,
nikauchora ufa.