Kukaza

Risiti za dawa hufifia. Hilo hakuna aliyeniambia.
Zinatoka mashineni na wino mweusi kama mbegu za papai,
zinakaa kwenye mkebe Kayole, mvua za vuli, kiangazi,
halafu unafungua ukute karatasi nyeupe, laini,
isiyojua chochote.
Mimi nililipa. Karatasi imesahau.

Mkono haujasahau.
Barabara ya Lunga Lunga, zamu ya usiku, mashine namba nne,
ile ya mabeseni.
Kinga yake ya chuma ilifunguliwa Februari
kwa kuwa ilichelewesha kazi.
Vidole vitatu vilibaki ndani ya beseni la kijani.
"Nenda utibiwe," meneja Kirigia alisema,
"hayo mengine tutayaona."

Tukayaona.
Kampuni ilisema, bima.
Bima ikasema, kampuni.
Hospitali haikusema kitu, ilishika kitambulisho changu.

Milimani, hukumu ilisomwa kwa dakika nne:
gharama za matibabu,
laki mbili, elfu kumi na tisa, mia nne na themanini,
zilipwe ndani ya siku thelathini.
Nilizihesabu kwa vidole saba,
raundi nne, na siku mbili juu.
Labda nilikosea hesabu,
maana ya mia nne ilifika, simu yangu kimya.

"Sasa tunakaza hukumu," alisema wakili Chelagat.

Kukaza! Neno hilo nalijua.
Nimekaza nati, nimekaza mikanda,
nimekazwa bendeji na muuguzi aliyeniambia nitazame dirisha.
Sikujua kwamba maneno ya korti nayo yana nati,
kwamba yakiachwa hulegea
hadi mtu arudi na spana.

Dalali wa mahakama alikuja na daftari.
Lori? La benki.
Kompyuta? Za kukodi.
Viti hata mwizi angevipita.
Akasimama mbele ya namba nne.
"Na hii ni ya nani?"
Kirigia aliangalia dari.
Nikainua mkono, ule ule,
nikasema, "Ya kampuni. Tunafahamiana."

Akabandika karatasi: imeshikwa, itauzwa baada ya siku saba.

Hapo ndipo nilipoona nyuso.
Walionichangia nikiwa wodini, mia mia, mia mbili.
Bila namba nne hakuna zamu ya usiku,
na bila zamu ya usiku, Musembi halipi karo.
Musembi aliyevuta swichi usiku ule,
aliyenifunga kwa shati lake, akaita teksi.
Hakunitazama.
Wala mimi sikubandua karatasi.

Siku ya sita, pesa ziliingia. Zote, hadi shilingi.
Kumbe zilikuwepo.

Zilipungua kitu kimoja tu: teksi,
elfu moja na mia mbili, mfukoni mwa Musembi,
isiyo na risiti, kwa hiyo kortini haikuwahi kutokea.
Nilimpelekea langoni jioni hiyo.
Alizipokea, hakuzihesabu.
Nyuma yake namba nne ilikuwa inanguruma.

"Kinga wameirudisha?" nikamuuliza.

Alifunga vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja,
vidole vyake vyote kumi.
"Zamu inaanza," akasema.